Kipimo cha Saa Saba Mchana

Dokta Mudathiru Kadiri alikuwa na sheria moja ya kazi, na aliishika kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kuivunja. Gesi inayotoka ardhini hupimwa kabla jua halijachomoza, siku tatu mfululizo, na saa ya kupima huandikwa kabla ya namba yenyewe. Aliyekuja na haraka aliambiwa kwamba haraka ni yake, si ya gesi. Wakubwa wa ofisi walisubiri siku tatu. Wawekezaji waliofika kutoka Kigali kwa magari ya vioo vyeusi nao walisubiri siku tatu, wakilalamika. Aliivunja mara moja tu, siku ya Alhamisi, kwa ajili ya dada yake.

Sheria hiyo hakuitunga yeye. Aliipokea mbali sana na Gisenyi, mji wake wa Rwanda ulio mpakani na Goma, akiwa amesimama juu ya ziwa lililoganda.

Alizaliwa Majengo, mtaa wa Gisenyi, mtoto wa mwisho wa mzee Kadiri, fundi cherehani aliyeshona kanzu na sare za shule. Dada yake Kaltumu alimzidi miaka tisa, na ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa sokoni. Mwaka 1987 kijana alipata nafasi ya kwenda kusoma jiolojia Irkutsk, mji wa Siberia ulio karibu na ziwa Baikal. Miaka minne baadaye serikali ya Kisovieti iliyokuwa ikimsomesha ikavunjika, na posho yake ya mwezi ikawa haitoshi mkate wa wiki. Wenzake wengi walirudi makwao. Yeye alibaki, kwa sababu Kaltumu, aliyekuwa akivusha vitenge kati ya Gisenyi na Goma, alimtumia dola alizozishonea ndani ya pindo la kitenge, pamoja na koti zito alilolinunua kwa masista wa Kizungu waliokuwa wakifunga nyumba yao. Mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi alikuwa huko huko. Kwa wiki kumi na moja hakujua nani wa kwao yuko hai. Barua ya kwanza iliyomfikia ilikuwa ya Kaltumu.

Kazi iliyomshika ilikuwa ya barafu ya gesi. Chini kabisa ya maji yenye baridi kali, mahali ambapo uzito wa maji unakandamiza kila kitu, gesi ya methani na maji hushikana vikawa kitu kimoja cheupe kama barafu. Mwezi wa Machi, mwaka 2000, timu yake ilitoboa tundu kwenye barafu ya Baikal, ikashusha bomba hadi kwenye tope la chini, ikalivuta juu. Ndani ya tope mlikuwa na mabonge meupe. Mkuu wa timu, mama mmoja mkavu aitwaye Lidia Petrovna, alimvua glovu, akamwekea bonge moja kiganjani. Lilitatarika kama mafuta kwenye kikaango. Kisha akawasha kiberiti, na barafu ikashika moto, mwali wa buluu ukipanda na maji yakimdondoka kijana wa Majengo katikati ya vidole.

Siku ile aliamua maisha yake yatatumika kwa nini.

Wiki iliyofuata aliachiwa kipande kingine akipime peke yake. Akakiacha juu ya sleji, akaenda kunywa chai. Aliporudi akapima, akaandika namba safi, yenye nukta na desimali. Lidia Petrovna akauchukua ukurasa.

"Saa ngapi?"

"Saa ngapi nini?"

"Bomba lilipanda saa ngapi, na wewe ulipima saa ngapi?"

Hakujua. Yule mama akauchana ukurasa mbele ya wenzake, bila kupaza sauti. "Hukupima kilichokuwepo," alisema. "Umepima kile ambacho gesi imekuachia. Ukiandika namba bila saa, umeandika uongo wenye adabu."

Alirudi nyumbani mwaka 2004 na shahada ya uzamivu, masanduku mawili ya vitabu vya Kirusi, na goti lililoharibiwa na baridi. Hapo ndipo uchungu wa kwanza ulipoanza. Ziwa Kivu, ambalo Gisenyi imekaa ukingoni mwake, lina methani nyingi kupita kiasi, lakini haliwezi kuwa na barafu ya gesi hata chembe. Maji yake ya chini ni ya uvuguvugu. Gesi imelala humo ikiwa imeyeyuka, imezuiwa na uzito wa maji tu. Kwa hiyo Mudathiru alikuwa bingwa wa kitu ambacho nchi yake haina. Jioni baada ya kazi aliendelea kuandika makala juu ya barafu ya Baikal, akitumia vipimo alivyotumiwa na wenzake kwa barua pepe. Aliandika makala kumi na moja. Mialiko ya mikutano ilikuja, akaiweka kwenye faili, kwa sababu hakuna ofisi iliyoona maana ya kumlipia mtu nauli akazungumzie barafu. Halafu mialiko nayo ikaacha kuja.

Mtaani walimwita Dokta wa Barafu. Vijana wa kijiweni kwenye njia ya Rubona walikuwa wakimwona na mkoba wake, wanaanza.

"Dokta! Kiwanda cha bia iko pale, wanatafuta mutu wa barafu!"

"Acha muzee wa watu, yeye ni Mwislamu, bia hapana."

"Bon, si lazima akunywe! Apoze tu!"

Alicheka nao. Lakini akifika nyumbani alikaa muda mrefu bila kuvua viatu.

Aliajiriwa katika ofisi inayopima ziwa na ardhi, na huko akakutana na kazi ambayo hakuichagua, nayo ikawa kazi yake kubwa kuliko zote. Gisenyi imekaa juu ya mawe ya volkano. Katika sehemu za chini, kwenye nyufa, hutoka hewa ukaa, ambayo haina rangi wala harufu na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Wenyeji wanaiita mazuku. Alfajiri, upepo ukiwa umelala, hujaa mashimoni kama maji kwenye bakuli. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, husambaa ikapotea. Mtu mzima aweza kupita hapo mchana miaka hamsini asijue kitu. Mbuzi aliyelala hapo alfajiri haamki.

Kuanzia mwaka 2015 Mudathiru alipita kila bonde na kila shimo kutoka mpakani hadi njia ya kupandia Bugeshi. Alitoka saa kumi na moja alfajiri na msaidizi wake Epiphanie, msichana wa Kanama aliyemaliza chuo, mwenye mwandiko mzuri na mdomo usiokaa kimya. Walipima kwenye kifundo cha mguu, kwenye goti, kwenye kiuno. Epiphanie aliandika saa kwanza, namba baadaye. Kazi hiyo ilichukua miaka saba, na mwisho wake ilikuwa ramani moja yenye sehemu arobaini na moja zilizopakwa rangi nyekundu, mahali ambapo binadamu hapaswi kulala. Baada ya volkano ya 2021, ardhi ilipotetemeka na nyumba zikapasuka, hata waliomcheka walianza kumsikiliza. Sekta, yaani serikali ya mtaa, ilikubali kuitisha mkutano wa wananchi. Wakiikubali ramani, familia za sehemu nyekundu zingetafutiwa viwanja vingine. Kwa mtu aliyezika barafu yake kwenye faili, ramani ile ndiyo iliyobaki kuonyesha kwamba hakuishi bure.

Sehemu moja nyekundu iliitwa Kishimo, bonde dogo nyuma ya Majengo, kaya kumi na nne. Wa kwanza kumsikiliza pale alikuwa mama Nyiraneza, mjane wa miaka sitini na kitu aliyeuza viazi mlangoni mwake. Mudathiru alimwonyesha namba za siku tatu.

"Dokta, mi nimelala hapa miaka makumi tatu na nane."

"Najua mama. Kitanda chako kina miguu mirefu, ndiyo maana upo. Lakini mwaka hadi mwaka inapanda."

"Unaniapia?"

"Siapi, mama. Napima."

Mama aliitazama mashine, akamtazama yeye, akaingia ndani kufunga vyombo. Alihamia Rubona, kwenye chumba kimoja cha binamu yake, na viazi vyake vikakosa wateja kwa sababu huko hakujuana na mtu. Hakulalamika. Alisema Dokta amepima.

Mwezi wa Juni 2022, wiki tatu kabla ya mkutano, Kaltumu alikuja kwa mdogo wake na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amenunua kiwanja. Mpaka ulikuwa unafungwa mapema siku hizo, na wanawake wa Goma waliochelewa walihitaji pa kulala, hivyo alikusudia kujenga vyumba sita vya kupangisha. Kiwanja kilikuwa Kishimo. Alikipata kwa bei rahisi, kwa sababu ramani ya ndugu yake ilishaanza kuwahamisha watu. Sasa sekta ilitaka karatasi ya ofisi ya vipimo ikisema hewa ya pale ni salama, na mafundi walikuwa wameshaleta mawe.

"Yaya, pale ni pekundu," Mudathiru alisema, akimwita kama dada mkubwa anavyoitwa kwao. "Uliniuliza kabla ya kununua?"

"Nikuulize nini? We unapakaka rangi mji muzima. Siku moja utapaka hata kitanda yangu."

"Nitakuja kupima Jumatatu alfajiri. Siku tatu. Jibu likiwa lile lile, usijenge."

"Siku tatu!" Kaltumu aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Barafu ya Warusi ulipima miaka kumi na saba. Udongo ya yaya yako unashindwa kupima saa moja? Nani alikuvalisha koti ile? Ni huyo mama Mrusi? Nilinyang'anywa vitenge bariyeri, pale mpakani, nikapigwa na askari, nikavuka tena kesho yake. Mi nilisema siku tatu?"

Mtu wa aina yake, aliyebebwa mgongoni na kuvishwa na kusomeshwa na dada, hana maneno ya kumkatalia dada huyo usoni. Hilo linaeleweka. Kueleweka si kusamehewa.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, wenzake walipokwenda kula, alichukua kipima gesi akatembea hadi Kishimo. Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa kali, na upepo wa ziwa ulipeperusha kanga ya Kaltumu. Alishusha mashine kwenye kifundo, kwenye goti, kwenye kiuno. Namba zilikuwa ndogo kama za kando ya maji.

"Umeona?" Kaltumu alisema. "Iko muzuri."

Aliona. Alijua pia, kama anavyojua jina lake, kwamba namba ile haina maana yoyote. Alikuwa amepima kile ambacho gesi ilimwachia.

Fomu ya ofisi ina mistari mitano: mahali, tarehe, saa ya kupima, matokeo, sahihi. Alijaza minne. Akaandika "hewa salama kwa makazi", akapiga muhuri. Mstari wa tatu aliuacha mtupu. Hakutaka kuandika saa ya uongo. Aliona afadhali kutoandika saa yoyote, na mpaka leo haijulikani kama hilo lilimpa nafuu.

Kisha akamvuta dada yake pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini: "Yaya, nisikilize. Karatasi ni karatasi. Lakini inua sakafu mita moja na nusu. Weka matundu ya hewa chini ya kila ukuta. Usilaze mtu chini hata siku moja, hata kama ni kwenye godoro."

"Mbona umeandika salama?"

"Fanya nilivyokwambia."

Hapo ndipo penye kosa lenyewe, kubwa kuliko mstari mtupu. Ukweli aliutoa kwa mdomo, sikioni mwa damu yake. Watu wengine wote aliwapa karatasi.

Epiphanie aliiona nakala Ijumaa asubuhi alipokuwa akipanga faili.

"Dokta, hapa hamna saa."

"Weka faili."

"Na hamna siku tatu. Na Kishimo tulipima sisi wenyewe. Mimi niliandika kwa mkono wangu. Goti, asilimia kumi na..."

"Epiphanie. Weka faili."

Aliiweka. Tangu siku hiyo hakumtania tena asubuhi kuhusu chai yake ya Kirusi isiyo na maziwa. Alimwita Dokta kama wanavyomwita watu wasiomjua.

Kaltumu hakuwa mwanamke wa kuficha neema. Aliipeleka karatasi sekta, na kabla ya kuipeleka aliitoa nakala nyingi, akampa fundi, akampa jirani, akabandika moja kwenye mlango wa mbao wa kiwanja. Vyumba vikapanda haraka. Aliinua sakafu kama alivyoambiwa, kwa mawe mazuri meusi, na watu wakasema Kaltumu anajenga kitajiri. Hakuna aliyeuliza kwa nini ngazi zina madaraja manane.

Mama Nyiraneza alisikia habari huko Rubona. Akapanda basi dogo, akaja moja kwa moja ofisini na nakala mkononi.

"Dokta, nisomee. Macho hayaone vizuri."

Akamsomea.

"Kwa yaya yako ni salama. Kwangu ni hatua makumi tatu, nimezihesabu. Hewa inaogopa kuvuka njia?"

"Mama, vipimo vinabadilika..."

"Sawa. Basi kuja upime kwangu tena. Hata leo. Juzi mchana niliweka mushumaa, buji, chini kabisa, ikawaka muzuri tu, mpaka ikaisha."

Hii ilikuwa nafasi yake ya kwanza. Angeweza kusema: mama, mchana hakupimwi, na karatasi hiyo niliiandika mchana. Maneno kumi hayafiki. Lakini maneno hayo yangefunga vyumba vya Kaltumu kabla havijaezekwa.

"Nitakupangia siku," alisema.

"Ntakibazo, haina shida," mama alijibu. Aliikunja karatasi akaitia kifuani. Mlangoni akageuka. "Kule Rubona hakuna mutu ananijua, Dokta. Nikikufa watauliza, huyu ni nani?"

Mkutano ulifanyika Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya wananchi, kwenye uwanja wa shule. Watu walikuwa bado na majembe na tope miguuni. Ramani kubwa ilitundikwa kwenye kamba kati ya nguzo mbili. Mudathiru alizungumza dakika ishirini, vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza, akieleza sehemu arobaini na moja. Watu walisikiliza. Kisha mwanamume mmoja wa Kishimo akasimama, akainua karatasi juu. Nyuma yake zikainuliwa nyingine tano, sita, kumi.

"Dokta, tunakuheshimu. Donc utuambie kitu kimoja tu. Ramani inasema tutakufa. Karatasi inasema tutapona. Sahihi ni ya mutu mumoja. Tufuate gani?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Ofisa wa sekta alicheka pia, kisha akaacha.

"Swali ni zuri," ofisa alisema. "Dokta, ni ramani au ni karatasi?"

Hii ilikuwa nafasi ya pili, na ya mwisho mbele ya watu. Kaltumu alikuwa ameketi mstari wa pili, kwenye kiti alicholetewa kwa heshima ya kuwa dada wa msemaji. Hakumkonyeza wala kutikisa kichwa. Alikaa tu, mikono mapajani, ile mikono iliyoshona dola pindoni. Epiphanie alikuwa amesimama karibu na nguzo ya ramani, ameshika daftari la miaka saba mbele ya kifua chake, akimtazama bosi wake bila kupepesa.

"Vipimo hubadilika kulingana na hali ya hewa," Mudathiru alisema.

Ni sentensi ya kweli. Mtaalamu yeyote angeitia sahihi. Na kwa sentensi hiyo ya kweli aliiua ramani yake mwenyewe mbele ya watu mia tatu.

"Kwa hiyo leo nyekundu, kesho nyeupe!" mtu alipaza sauti. "Kama bendera ya mupira!"

Ofisa aliandika kwamba ramani irudishwe ofisini kwa uhakiki zaidi. Epiphanie aliifungua kamba, akaikunja ramani peke yake. Mudathiru alipomwendea kumsaidia, alimwambia kwa upole, "Acha tu Dokta, nimezoea." Mwezi uliofuata aliomba uhamisho, akaondoka.

Familia nne zilizokuwa zimehama Kishimo zilirudi. Mama Nyiraneza alirudi Agosti. Alifagia, akapaka chokaa, akarudisha meza ya viazi mlangoni. Kitanda chake cha miguu mirefu alikuwa amekiuza alipohama, kwa kuwa kile chumba cha binamu hakikukitosha. Akanunua godoro, akalitandika sakafuni.

Mudathiru aliliona godoro hilo. Alipita Kishimo siku moja mchana kwenda kuangalia paa la dada yake, na mlango wa mama ulikuwa wazi. Alisimama.

"Mama, tafuta kitanda. Usilale chini."

"Nitakitafuta, Dokta. Viazi viuzike kwanza. We ulisema utanipangia siku."

"Nitapanga," alisema. Safari hii alikusudia kweli. Alirudi ofisini, akaandika jina lake kwenye ratiba: Nyiraneza, Kishimo, alfajiri, siku tatu, kuanzia tarehe 19 Septemba.

Alikufa tarehe 11, siku ya Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, upepo ulilala, na asubuhi ilikuwa tulivu na nzuri. Mwenzake wa kanisani alikuja kumpitia waende misa, akagonga, akaingia. Mama alikuwa amelala ubavu, shuka mpaka mabegani, bila dalili ya kuhangaika. Kuku wawili walikuwa wamekufa pembeni yake. Hatua thelathini kutoka hapo, juu ya madaraja manane, wanawake wanne wa Goma waliamka salama katika vyumba vya Kaltumu, wakapiga mswaki ngazini, wakashangaa kelele ni za nini.

Mudathiru alifika na mashine. Ilikuwa saa mbili asubuhi, jua limeshatoka, na hata hivyo namba ya kwenye kifundo ilimfanya arudi nyuma. Aliandika saa, kisha namba.

Baada ya mazishi alimfuata dada yake chini ya ngazi.

"Ni Mungu anachukua," Kaltumu alisema kabla hajaulizwa. "Mama alikuwa muzee."

"Ni mimi niliyeandika, yaya."

"Nyamaza."

"Nitaandika barua. Nitasema nilipima saa saba mchana, mara moja, na nilijua."

Kaltumu alikaa kwenye daraja la chini, taratibu, kama mtu aliyeumwa mgongo. "Iko vyumba sita hapa," alisema. "Nimeweka vyote humu. Vyote. Barua yako itamufufua?"

"Hapana."

"Basi unamwandikia nani?"

Aliiandika, ukurasa mmoja na nusu, akaipeleka sekta na nakala ofisini kwake. Alitaja siku, saa, upepo, na maneno aliyomnong'oneza dada yake. Mtu anaweza kudhani kwamba ukweli ukisemwa mwisho wake hupokewa. Sekta ilifunga vyumba vya Kaltumu ndani ya siku mbili. Ofisi ya vipimo ilimwondoa kazini, akiwa na miaka hamsini na mitano, naye hakumlaumu mtu. Lakini alipokwenda Kishimo nyumba kwa nyumba, mkononi ameshika daftari aliloacha Epiphanie, akiwasihi watu waondoke, walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, bila kumkaribisha ndani.

"Dokta," yule mwanamume wa mkutanoni alimwuliza, "ulidanganya lini? Wakati ule, ao sasa?"

"Wakati ule."

"Wakati ule ulituambia hivi hivi, na sura hiyo hiyo." Akafunga mlango bila hasira.

Wengine walisema ametumwa kuwatisha ili wakubwa wachukue viwanja. Wengine walisema amegombana na dada yake juu ya kodi za vyumba, anamlipizia. Maneno hayo yote yalikuwa ya uongo, na yote yaliaminika zaidi yake.

Sasa anafundisha hesabu kwenye shule moja ya binafsi, vipindi vya asubuhi. Ofisi ilituma kijana mwingine, ambaye hajafika Kishimo. Kaltumu amerudi kuvusha vitenge, akiwa na miaka sitini na mitano, na wakikutana kwenye njia ya msikitini anavuka upande wa pili.

Karatasi moja ilimgharimu Nyiraneza maisha yake. Ilimgharimu Kaltumu alichokuwa nacho, na kumgharimu Mudathiru dada yake, kazi yake, na neno lake. Ramani ya sehemu arobaini na moja iko kabatini, ni sahihi, na haina anayeiamini. Kaya kumi na tatu bado zinalala Kishimo.